Pigo la Mchelewaji

Oldeani, 9 Juni 2024

Mwanangu Laurencia,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima kwenye baridi yako ya Ulaya, kama sisi tulivyo wazima kwenye baridi yetu. Nasema sisi kwa mazoea tu. Tangu tulipomzika mama yako mwezi wa nne, niko mimi, mbwa wetu Popo, na kuku.

Unalalamika kwamba sipokei simu. Napokea, ila sikio langu limeikataa, nasikia upepo mtupu. Ndiyo maana nimerudi kwenye barua. Mimi naandika, Inosenti wa bodaboda anaishusha Karatu, na Radhia wa duka la vifaa vya shule anaipiga picha na kukutumia. Ya kwako ataichapisha aniletee. Anasema tumemfanya posta bila mshahara, lakini naona anafurahia.

Nyumba kubwa ya shamba bado imesimama. Wenyewe hawajafika siku nyingi, ila makubaliano ni yaleyale: mimi nakaa vyumba viwili vya nyuma, na wakati wa baridi nawasha boila ili kuta zisiote kuvu. Unaikumbuka boila, wewe uliyekuwa ukilala juu ya bomba lake kama paka. Iko palepale, nyuma ya ukuta wa chumba chetu cha kulala. Maji yanachemka humo, yanapanda mabombani, yanazunguka kwenye rejeta za kupasha vyumba vyote joto, halafu yanarudi yakiwa yamechoka. Mwaka huu natumia mkaa. Mibuni mizee tuliyokuwa tukiichoma imekwisha, na kuni za msituni haturuhusiwi kuokota. Sijutii. Mkaa hauna moshi na unadumu kutwa.

Jambo jingine. Baada ya maziko, kundi la nyuki lilikuja likaingia kwenye tundu la hewa la chumba cha boila, likajenga masega mpaka tundu likajaa. Mtundika mizinga wa nyumba hii alikuwa mama yako, kwa hiyo sikushangaa. Wazee wetu walisema nyuki wakija kwenye nyumba yenye msiba hawafukuzwi, watahama wenyewe mwaka ukitimia. Nimewaacha.

Mimi ni mzima, ila kichwa kinaniuma, na mabomba yanagonga. Yanagonga mara tatu, yananyamaza, kisha mara moja. Unajua ni nani aliyekuwa akigonga hivyo.

Baba yako,
Tluway


Aberdeen, 16 Juni 2024

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo, kazi haijambo, wazee ninaowatunza hapa nao hawajambo isipokuwa mmoja anayenilaumu kila asubuhi kwamba nimemwibia meno. Popo anaendeleaje? Umekula? Usiniambie umekula kisha ikawa ni chai.

Nimesoma habari ya mabomba nikacheka, halafu nikalia kidogo jikoni kwangu. Nilimwona aayo, mama yangu, kabisa, amesimama jikoni kule mwisho wa nyumba, anagonga bomba kwa mwiko ili sauti ikimbie ukutani mpaka kwako kwenye boila. Tatu za kuita watu wote mezani, na moja ya mwisho ya mchelewaji. Mchelewaji nilikuwa mimi. Nikiwa bado njiani nje, nilikuwa naokota jiwe na kugonga bomba la ukutani mara moja, maana yake nakuja.

Lakini baba, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba bomba likigonga lina upepo ndani. Umetoa upepo kwenye rejeta? Chukua ule ufunguo mdogo, anza na za chini, malizia na ya juu, kama ulivyokuwa ukinikaripia. Na kichwa kikiendelea, nenda zahanati. Najua unavyoichukia zahanati.

Karatasi zangu bado zinashughulikiwa, siwezi kusafiri. Kila nikikumbuka kwamba mlimshusha aayo kaburini nikiwa huku, nasukuma sahani pembeni.

Binti yako,
Laurencia


Oldeani, 7 Julai 2024

Mwanangu Laurencia,

Salamu nyingi. Mimi naendelea, mwili mzito kidogo, lakini naendelea.

Upepo nimeutoa wote. Nimewasha boila hii tangu nikiwa kijana, na baridi hii ya Oldeani naijua kuliko ninavyojua sala ya jioni. Kugonga huko kwa bomba si upepo, mwanangu. Nakuambia wewe peke yako, kwa sababu nikimwambia katekista Thomasi ataleta maji ya baraka na nyimbo.

Mama yako anakuja. Ukungu ukishashuka kutoka kreta ya mlimani, alasiri, nikisha kuongeza mkaa na rejeta ya chumbani ikawa moto, naketi kitandani na kichwa kinaanza kuwa kizito. Hapo bomba linagonga. Nikiinua macho, yupo kwenye kile kiti chake karibu na rejeta, miguu kaiweka juu ya bomba, na shuka lake la bluu begani. Siku za kwanza hakusema kitu. Sasa anasema. Ananiuliza kama nimewafungia kuku. Juzi aliniuliza kwa nini wewe hukuja.

Nilimwambia ni karatasi. Alitazama mlango kama anavyofanya mtu anayesubiri mgeni.

Sikuogopa hata kidogo. Naogopa asubuhi, moto unapofifia na kiti kikawa kitupu. Kwa hiyo siku hizi siuachi ufifie.

Popo alilala mbele ya mlango wa boila wiki iliyopita hakuamka tena. Alikuwa mzee. Thomasi naye alikuja kunitazama, akaketi kidogo akaanza kutapika, akasema ni maharage ya Martha dada yake. Alipotoka nje akapona. Tangu hapo hajarudi.

Baba yako,
Tluway


Aberdeen, 14 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Hujambo wewe na mwili huo mzito? Pole kwa Popo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi mno. Mtu wa busara angekuambia uende ukapumzike kwa jamaa zetu Mbulu. Mimi si mtu wa busara, mimi ni mtoto aliyefiwa na mama akamwona kwenye picha za maziko alizotumiwa kwa simu. Siwezi kukuambia kwamba hayupo kwenye kile kiti. Ungejua nilivyokuonea wivu.

Akija tena, mwambie nilitaka kuja. Mwambie sikulala siku ile, nilivaa gauni jeusi nikakaa sakafuni tangu mlipotoka kanisani mpaka mlipoweka mashada. Muulize kama amenikasirikia. Unijibu anavyosema yeye, baba, usinitengenezee maneno matamu.

Na muache akae. Mwekee mkaa wa kutosha.

Binti yenu,
Laurencia


Oldeani, 27 Julai 2024

Mwanangu,

Salamu. Usishangae mwandiko, mkono wangu umekuwa wa mtu mwingine.

Nilimuuliza. Alicheka kile kicheko chake cha puani. Akasema, neno kwa neno, "Mwambie asilie. Mchelewaji nitamgongea mwenyewe." Nilimwona ana furaha, na mimi nikafurahi mpaka nikalala nimekaa.

Siku hizi haji alasiri tu, anakuja hata mchana. Baridi imekaza, nimeziba madirisha kwa magunia na kuweka tambara chini ya mlango, joto lisipotee bure. Kuku wawili niliowaingiza ndani wamekufa. Radhia mwenyewe aliniletea barua yako, akaingia kunisalimia, mara akashika ukuta akasema dunia inazunguka. Nilimsindikiza nje, akaketi kwenye jiwe, rangi ikamrudi. Aliniangalia kwa jicho baya akaniuliza, "Mzee, humu ndani unaishi na nini?" Nikamwambia naishi na mke wangu. Akaondoka bila kunywa chai, na Radhia si mtu wa kukataa chai.

Pengine mama yako hapendi wageni. Alikuwa akipenda sana.

Nimechoka kuandika.

Baba


Aberdeen, 30 Julai 2024

Baba yangu,

Leo naruka salamu, utanisamehe. Ukiwa unasoma barua hii ndani, inuka sasa hivi utoke nje, umalizie kusoma ukiwa kwenye jiwe alilokalia Radhia.

Leo amekuja fundi kuangalia boila ya hapa ninapopanga. Ni kijisanduku tu cha gesi kwenye ukuta wa jikoni, na sheria inamtaka mwenye nyumba aikaguze kila mwaka. Alipomaliza alipachika ukutani kengele ndogo yenye taa ya kijani. Nikamuuliza ni ya nini. Akaniuliza kama kichwa kinaniuma nikiwa ndani na kinapona nikitoka. Kama nasikia uzito, kama kuna mnyama amekufa bila sababu, kama mgeni amewahi kutapika au kushikwa na kizunguzungu humu. Akasema kuna watu huanza kuona wasiokuwepo na kusikia sauti zao. Baba, nilishika meza. Alidhani naumwa mimi.

Ni hewa ya mkaa. Ni ileile inayoua watu wanaolala na jiko chumbani, haina rangi wala harufu. Utaniambia boila ina dohani. Dohani haivuti kama moto haupati hewa, na tundu la hewa umewaachia nyuki. Sumu inapita kwenye nyufa za ukuta na kuingia kwenye chumba chako cha kulala, nawe umeziba madirisha.

Na mimi nilikuambia umwekee mkaa wa kutosha. Mimi, mwanao, niliandika hivyo kwa mkono wangu.

Zima moto, baba. Fungua kila dirisha. Najua ninachokuomba na ninajua ni nani atakayeondoka moto ukizimika. Nakuomba hivyohivyo.

Binti yako,
Laurencia


Oldeani, 3 Agosti 2024

Laurencia,

Nimepata barua yako. Nimeisoma ndani.

Kazi ya boila nilikufundisha mimi, hukufundishwa na mtu wa kupachika kengele. Moto wangu haujawahi kumdhuru mtu.

Wewe hukumzika mama yako. Nilimzika mimi, udongo nikautupa mimi, nikarudi nyumba hii mimi peke yangu. Sasa unataka nimzike mara ya pili, na safari hii bila hata jirani wa kunishika mkono.

Moto siuzimi.

Tluway


Aberdeen, 4 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Nimeona hukuandika "baba yako." Nimestahili.

Kweli sikumzika. Ndiyo sababu siwezi kukuzika na wewe kwa picha za simu. Nikikupoteza wewe pia nikiwa huku, sitakuwa na mtu wa kumwandikia barua, na sitakuwa na nyumba ya kurudi hata karatasi zikitoka.

Kisha nikuulize jambo moja, wewe unayemjua aayo kuliko mimi. Ulinisimulia kwamba alikuja kwako mara ya kwanza kutoka Mbulu kwa miguu, mvua inanyesha, ndugu zake wamekataa, nawe bado hukuwa na boila wala blanketi la pili. Alikuwa na baridi, na alikuja. Leo unaniambia hawezi kuja mpaka umchochee mkaa? Mtu huyo simtambui. Na aayo aliyewahi kumkaribisha hata muuza mitumba mezani, leo awatapishe wageni na kumuua Popo wake?

Nimewaomba Radhia na Inosenti wapande kuja kwako. Sijawaambia wauzime moto. Moto ni wako, utauzima wewe mwenyewe. Nimewaomba wakae nawe nje tu, na kukushika mkono kama majirani walivyokushika siku ile.

Ukitaka kunichukia, nichukie ukiwa hai.

Binti yako,
Laurencia


Aberdeen, 25 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini upo. Radhia ameniandikia maneno machache tu, kwamba mvua isiyo ya majira yake imekata barabara ya Oldeani na Inosenti amepita kwa miguu na barua yangu mkononi. Baada ya hapo simu yake haiingii.

Niandikie hata neno moja la kunitukana.

Laurencia


Oldeani, 8 Septemba 2024

Mwanangu Laurencia,

Tumsifu Yesu Kristo. Nipo. Nina afya kuliko mwezi uliopita, ingawa nimekonda. Radhia anakusalimu sana, na Inosenti pia.

Nitakueleza bila kupamba. Inosenti alifika na barua yako akiwa ametapakaa tope. Nilisoma nikiwa mlangoni, nusu ndani nusu nje. Habari ya mitumba na Popo haikunigusa. Iliyonigusa ni ile ya mvua. Nilimkumbuka mama yako amesimama mlangoni kwangu, maji yanamchuruzika kwenye nyusi, anacheka.

Niliingia ndani nikaketi kitandani mara ya mwisho. Kichwa kikawa kizito, bomba likagonga, akaja. Nilimwambia, "Selestina, nazima moto. Kama ni wewe, utajua njia." Alinitazama kwa upole, wala hakunibishia. Hilo ndilo lililonitia shaka, mwanangu. Katika ndoa yetu yote sijawahi kusema neno yule mwanamke asilibishie.

Nilipoinuka miguu ilikataa. Inosenti ndiye aliyeniburuta nje, nikalala kwenye nyasi mpaka nikaweza kusimama. Halafu nikarudi na kitambaa usoni, nikavuta mkaa wote nje kwa koleo na kuumwagia maji. Nikafungua madirisha. Tulipofika kwenye tundu la hewa, nyuki wote walikuwa wamekufa juu ya masega yao. Niliwaacha kwa heshima, na heshima yangu ikawaua. Hapo ndipo nilipoamini barua yako. Niliwafukia chini ya mizinga ya mama yako.

Radhia alifika barabara ilipofunguliwa. Alinishika mkono kweli, nami nililia mbele yake kama mtoto, kumbe sikuwa nimelia tangu maziko.

Sasa nalala jikoni. Boila nimeimwaga maji, mabomba ni makavu, hayawezi kugonga tena. Kila alasiri ukungu ukishuka naingia kwenye chumba kile, nakaa kwenye baridi na kutazama kiti. Nimemsubiri. Hakuja. Kichwa changu ni chepesi, macho yangu yanaona vizuri, na yanachoona ni kiti.

Nakushukuru kwa kunitoa. Sijakusamehe bado. Nitakusamehe polepole.

Baba yako,
Tluway


Aberdeen, 20 Oktoba 2024

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, na safari hii nasema ukweli. Wewe je, jikoni hakukupi homa? Umepata mbwa mwingine? Nisamehe polepole, sina haraka. Kukusoma umeandika "baba yako" kumenitosha.

Baridi imeingia huku. Jana alasiri, nilipotoka kazini, niliwasha boila kwa mara ya kwanza tangu masika. Nilitoa upepo kwenye rejeta zote, kuanzia za chini mpaka ya juu, kwa mkono wangu. Nikaketi jikoni na kuanza kumenya viazi.

Bomba likagonga mara tatu.

Nilifanya yote niliyokuamuru wewe ufanye. Nilitazama kengele ukutani, taa ni ya kijani. Nilizima boila, nikafungua madirisha yote mawili, baridi ikaingia ikanikata masikio. Kichwa hakikuniuma. Nilimwita jirani aingie, akasimama pale dakika kadhaa akinipa habari za paka wake, mzima kabisa. Leo asubuhi fundi amekuja tena, amepima kila mahali, ameniambia hakuna kasoro yoyote na kwamba mabomba yaliyokwisha kupoa hayana sababu ya kugonga.

Lakini sijakumalizia ya jana, baba. Jirani alipoondoka, boila imezimwa, madirisha wazi, nimesimama na kisu cha viazi mkononi, bomba liligonga tena. Moja tu.

Karatasi zangu zilitoka Ijumaa. Nilitaka kukuambia hilo mwanzoni, lakini hili limenizidi. Nakuja Krismasi tuweke msalaba kwenye kaburi lake. Usiwashe boila. Nitakaa nawe jikoni, na kile kiti tutakileta humo.

Nilichukua mwiko nikamjibu, mara moja.

Binti yenu,
Laurencia